Mtoto Aliyezaliwa Maiti na Haki za Wazazi Wake: Walivyoandika Wanazuoni Waliotangulia

  

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mwanafunzi ninayemsaidia imamu wa msikiti mmoja wa mtaani, alikuja baba mmoja baada ya sala ya alfajiri. Imamu alikuwa safarini. Yule baba alikuwa amepakata kanga iliyokunjwa vizuri, na ndani yake mlikuwa na mtoto wake. Mkewe alijifungua usiku ule, mimba ya miezi tisa kamili, na mtoto akatoka hali ya kuwa amekwisha kufa. Aliniuliza maswali matatu. Je, mtoto huyu atasaliwa? Je, anapewa jina? Na akirudi hospitali, amwambie nini mkewe?

Swali la kwanza nililijibu papo hapo, kwani mlango huo nilikuwa nimetoka kuusoma kwa mwalimu wangu wiki chache kabla: hakulia, basi hasaliwi. La pili nilisema sina hakika. La tatu sikulijibu. Tulikwenda watu wanne, tukachimba kaburi dogo pembezoni mwa makaburi ya mtaa, tukazika kabla jua halijapanda, kisha kila mtu akaenda kwenye shughuli zake. Hakuna aliyekwenda nyumbani kwa yule mtu. Hapakuwa na tanga wala chungu cha wali, na jirani zake wengi walijua habari ile baada ya wiki nzima.

Ndugu msomaji, ninaeleza haya kwa sababu baadaye niligundua kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa nusu ya elimu, na kwamba maswali mengine mawili yalikuwa na majibu ndani ya vitabu vilevile nilivyokuwa nikivibeba kwapani. Makala haya ni kuhusu vitabu hivyo na watu waliovitunga.

Katika zama za Mtume (s.a.w.)

Mtume wetu (s.a.w.) alizika watoto wake wote isipokuwa Fatima (r.a.). Wa mwisho kumzika alikuwa Ibrahim, mwana wa Maria, aliyefariki mwaka wa 10 Hijria akiwa bado ananyonya. Imamu Bukhari amepokea kwamba Mtume alimchukua, akambusu, na macho yake yakabubujika machozi, mpaka Abdurrahman bin Auf (r.a.) akastaajabu na kuuliza iweje hata yeye alie. Akajibiwa kwamba hiyo ni rehema: jicho hulia na moyo huhuzunika, bali ulimi hausemi isipokuwa lenye kumridhisha Mola. Siku ile jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Mtume akawakataza kusema hivyo. Tazama basi: mzazi katika kilele cha huzuni yake hakuikubali itikadi potofu hata ile iliyokuwa inamtukuza mwanawe, na wakati huohuo hakuyaficha machozi yake mbele ya watu.

Imepokewa pia kwamba alisema Ibrahim anaye mnyonyeshaji Peponi. Maneno haya yalimhusu Ibrahim, na mimi sithubutu kuyafanya ya kila mtoto. Lakini nimeona mama aliyezaa mtoto mfu, siku ya tatu maziwa yakamjaa na hakuna wa kumnyonyesha, na tangu hapo kila nikiisoma hadithi hii humkumbuka.

Kuna kisa kingine ambacho wahubiri wetu hawakitaji sana. Mtume alimpita mwanamke anayelia kaburini, na katika riwaya ya Muslim imetajwa kuwa alikuwa akimlilia mtoto wake. Akamwamrisha kumcha Allah na kusubiri. Yule mama, bila ya kumtambua, akamjibu kwa ukali kwamba aondoke, kwani yeye hakufikwa na msiba kama wake. Mtume akaondoka. Hakubishana naye, wala hakumwambia kuwa amewazika watoto wangapi. Mama alipojua ni nani aliyemsemesha, akaenda mlangoni kwake kuomba radhi, na hapo ndipo akafundishwa kwamba subira hasa ni ile ya pigo la kwanza. Sisi tunalisoma somo la subira na kuisahau ile hatua ya kuondoka kimya.

Na yupo sahaba mmoja ambaye habari yake imo katika Sunan ya Nasai kwa njia ya Qurra bin Iyas (r.a.). Alikuwa akija kwenye kikao cha Mtume na mwanawe mdogo. Mtoto akafa, na baba akaacha kuja. Mtume akaulizia kwa nini haonekani, akaambiwa, kisha akakutana naye na kumuuliza habari za mwanawe, akampa taazia: akampambanulia lipi analolipenda zaidi, kustarehe naye umri wake wote, au kila mlango wa Pepo atakaouendea amkute mwanawe amemtangulia, anamfungulia. Kikao kilimkosa mtu, na mwenye kikao akamuulizia. Taazia ile ilianzia hapo.

Wahubiri wengi huanza na kisa cha Ummu Sulaym (r.a.), aliyemficha mumewe kifo cha mtoto mpaka alipokwisha kula na kupumzika. Ni kisa sahihi, na ile ni daraja kubwa ya subira. Ila daraja ya juu haigeuzwi kuwa fimbo ya kumchapia mama anayelia, na hali Mtume mwenyewe alilia.

Suala la kusaliwa

Sasa tuje katika fiq-hi. Mtoto anayetoka kabla ya wakati wake huitwa as-siqt. Msingi wa hitilafu ni hadithi mbili. Ya kwanza ni ya al-Mughira bin Shu'ba (r.a.), waliyoipokea Abu Daud na wengineo, kwamba as-siqt husaliwa na wazazi wake huombewa maghufira na rehema. Ya pili ni ya Jabir (r.a.), kwamba mtoto hasaliwi wala harithi wala harithiwi mpaka atoe sauti. Hii Tirmidhi ameieleza kuwa ina mgongano katika upokezi, na kwamba iliyo sahihi zaidi ni kuwa ni kauli ya Jabir mwenyewe.

Imamu Ahmad alishika ya al-Mughira: akitimiza miezi minne, ambayo ni muda wa kupuliziwa roho kwa mujibu wa hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.), huoshwa na kusaliwa, ijapokuwa hakulia. Kauli hiyo pia imenukuliwa kwa Said bin al-Musayyab na Ibn Sirin. Imamu Malik hakuona kusaliwa mpaka mtoto alie. Asiyelia huvikwa kitambaa na kuzikwa. Wanazuoni wa Kihanafi nao hawamsalii, lakini wanamwosha na kumkunja katika kitambaa, na sababu waliyoitaja ni kumkirimu mwanadamu. Sababu hiyo ni ndogo kwa maneno na kubwa kwa maana. Maiti huyu hakuishi hata saa moja, na bado ana hadhi ya mwana wa Adam.

Ama sisi watu wa pwani, wengi wetu ni Mashafii, na kitabu tulichosomeshwa ni Minhaj ya Imamu Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, sawa na 1277). Humo aliyelia ni kama mkubwa. Aliyeonyesha dalili ya uhai, mfano wa kutikisika, husaliwa. Na ambaye hakuonyesha dalili yoyote hasaliwi hata akitimiza miezi minne, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi, ila huoshwa, huvikwa sanda na kuzikwa. Hapa ndipo nilipokuwa nimekomea asubuhi ile.

Lakini Minhaj ina sherehe zake, na mbili kati ya hizo ndizo nguzo za fatwa kwa Mashafii wa zama za baadaye: Tuhfa ya Ibn Hajar al-Haytami, aliyefia Makka mwaka 974 Hijria (1567), na Nihaya ya Shamsuddin ar-Ramli wa Misri, aliyefariki 1004 Hijria (1596). Mashekhe hawa wawili wamehitilafiana katika suala letu hasa. Ramli, akifuata fatwa ya baba yake, amesema kwamba maneno yote yale ni ya as-siqt, na as-siqt ni yule aliyetoka kabla ya kutimia miezi yake. Ama aliyetimiza miezi sita, ambayo ndiyo muda mfupi kabisa wa mimba kisheria, huyo si as-siqt tena. Akizaliwa maiti hufanyiwa yote anayofanyiwa mkubwa: kuoshwa, sanda, sala na kuzikwa. Ibn Hajar hakuafiki, akamweka katika hukumu ileile ya asiyelia.

Mtoto wa yule baba alikuwa wa miezi tisa.

Kwa nini basi sikuwa nimeisikia kauli ya Ramli? Jibu lake ni la kihistoria. Ni mashuhuri kwamba watu wa Misri waliitegemea Nihaya, na watu wa Hadhramaut na Yemen waliitegemea Tuhfa. Elimu ya pwani yetu ina mshipa mkubwa unaotoka Hadhramaut. Sayyid Ahmad bin Sumayt (1861-1925), kadhi mkubwa wa Unguja, alisafiri kwenda huko kusoma, na si peke yake. Fatwa ilifuata njia ya majahazi. Hapana ubaya katika hilo, na anayefuata Tuhfa yuko juu ya msingi madhubuti. Ninachokitaka ni kwamba imamu anayeulizwa na mzazi ajue kuwa ndani ya madhehebu yake mwenyewe, kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, ipo kauli yenye nguvu ya kumsalia. Na kwamba hata asiposaliwa, kumwosha na kumvika sanda kwa aliyefikisha miezi minne hakukuanguka. Nimeona wanaofungiwa kwenye kitambaa chochote na kufukiwa haraka kana kwamba ni jambo la aibu.

Kuhusu jina, Nawawi hakuacha shaka. Katika kitabu chake al-Adhkar amesema inapendekezwa as-siqt apewe jina, na isipojulikana ni mume au mke apewe jina linalofaa kwa wote wawili, akataja mifano: Asmaa, Hind, Talha na mengineyo. Laiti ningelisema jina moja tu katika hayo siku ile.

Jambo la mwisho katika mlango huu. Rejea hadithi ya al-Mughira utazame dua inaelekezwa kwa nani. Mtoto hana dhambi ya kuombewa msamaha. Wanaoombewa ni wazazi wake, nao wako hai. Na mafaqihi walipopanga dua ya jeneza la mtoto waliifanya iwe ya kumwomba Allah amjaalie kuwa mtangulizi na akiba kwa wazazi wake, aitie uzito mizani yao na azimiminie nyoyo zao subira. Kwa hiyo hata anayeona kuwa mtoto hasaliwi, haki ya wazazi kuombewa dua haijaondoka kwa kuondoka sala.

Wanazuoni waliozika watoto wao

Mwaka 749 Hijria (1348) tauni kubwa iliingia Misri na Sham, na haikuondoka moja kwa moja. Ilirudi kizazi baada ya kizazi, na watoto walikuwa miongoni mwa waliokufa kwa wingi. Katika miaka hiyo ikazuka aina ya vitabu vya kuwaliwaza wazazi waliofiwa. Ibn Abi Hajala, mzaliwa wa Tlemcen aliyeishi Cairo na kufa kwa tauni mwaka 776 Hijria (1375), aliandika kimoja. Ibn Nasiruddin wa Damascus (aliyefariki 842 Hijria) aliandika Bard al-Akbad, akafuatia as-Sakhawi (831-902 Hijria) na kitabu chake Irtiyah al-Akbad, kisha as-Suyuti (849-911 Hijria) na Fadhl al-Jalad.

Akbad ni maini. Jina la kwanza ni kupoa kwa maini, na la pili ni kupumzika kwa maini. Waarabu waliiweka huzuni ya mtoto kwenye ini, na Mswahili naye husema jambo limemkata maini. Mwenye kuyachagua majina hayo alijua anachokizungumzia.

Mwalimu wa as-Sakhawi alikuwa Ibn Hajar mwingine, al-Asqalani (773-852 Hijria), mwenye Fath al-Bari. Wengi wanamjua kwa sherehe yake ya Bukhari. Wachache wanajua kuwa mwaka 819 Hijria tauni ilimchukulia mabinti wawili, na mwaka 833 ikamchukua binti yake mkubwa, Zayn Khatun, akiwa mjamzito. Kitabu chake juu ya tauni, Badhl al-Ma'un, alikianza mwaka ule wa 819 na kukikamilisha ule wa 833. Mtu aliyekisherehesha kitabu cha jeneza cha Bukhari, hadithi kwa hadithi, alikuwa baba aliyefiwa na mwana na mjukuu ambaye hakupata kuzaliwa.

Vitabu vile vimekusanya hadithi ambazo kila imamu anafaa azijue. Ipo ya Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kwa Tirmidhi, kuhusu nyumba inayojengwa Peponi na kuitwa Nyumba ya Sifa kwa mja aliyehimidi alipotwaliwa tunda la moyo wake. Ipo ya Muslim, ambapo Abu Hassan alimwendea Abu Hurayra (r.a.) akasema amefiwa na wanawe wawili, je, hana hadithi ya kuwapoza nafsi? Akamsimulia kuhusu watoto wadogo wanaomshika mzazi nguo yake wasimwachie mpaka waingie pamoja Peponi. Na ipo ya Mu'adh (r.a.) kwa Ibn Majah, inayomtaja as-siqt kwa jina: humvuta mama yake kwa kitovu mpaka Peponi, akiwa mama alitaraji malipo kwa Allah. Isnadi ya hii ya mwisho wameidhoofisha al-Busiri na wengine, na wapo walioipa nguvu kwa mashahidi. Anayeisimulia aseme hivyo. Hadithi ya Muslim inatosha kwa anayetaka iliyo thabiti.

Katika karne ya 20 baadhi ya wanahistoria wa Ulaya, akiwemo Philippe Ariès katika kitabu chake cha mwaka 1960, walidai kwamba wazazi wa zamani hawakushikamana sana na watoto wachanga kwa kuwa vifo vyao vilikuwa vingi mno. Avner Gil'adi, katika utafiti wake wa mwaka 1992 juu ya utoto katika jamii za Kiislamu, alivitumia vitabu hivi hivi kuonyesha kinyume. Mtu hamtungii kitabu asiyehuzunika. Bado masikioni mwetu tunasikia dai lile likirudi kwa sauti ya kwetu: "Alikuwa bado hajawa mtu," au "Nyinyi vijana, mtapata mwingine."

Wazazi wa leo

Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilikadiria watoto karibu milioni 2 kila mwaka wanaozaliwa maiti baada ya wiki 28 za mimba, yaani mmoja kila sekunde 16, na zaidi ya asilimia 40 wanafariki wakati wa uchungu wenyewe. Wengi wa hao wangeweza kuokolewa kwa huduma bora ya uzazi. Basi imamu aisaidie familia kumwondolea mama tuhuma. Mara nyingi mama huyu husikia minong'ono kwamba alikula kitu, alitembea usiku, au ana jicho la mtu. Taazia kwake inaanza na kuyakata maneno hayo.

Mama huyu ni mzazi kisheria. Damu yake ni nifasi, sala imemwondokea mpaka atwaharike, na anahitaji uji, maji ya moto na mtu wa kukaa naye kama mzazi mwingine yeyote. Jaafar (r.a.) alipouawa Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, Mtume aliamrisha watu wake wapikiwe chakula kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Haikuwekwa sharti la umri wa maiti. Na Tirmidhi amepokea hadithi maalumu ya kumpa taazia mama aliyefiwa na mwanawe, ingawa mwenyewe amesema isnadi yake haina nguvu. Kuitumia katika fadhila hakuna tatizo kwa wengi.

Baba naye husahauliwa. Ndiye anayebeba, anayezika, anayerudi kazini kesho yake. Baada ya sala atafutwe, kama alivyouliziwa yule aliyekosekana kikaoni.

Na kaburi litiwe alama. Mtume aliweka jiwe kwenye kaburi la Uthman bin Madh'un (r.a.) ili alitambue. Mama aliye hospitali hakuliona jeneza, hakuliona kaburi likichimbwa. Akitaka siku moja kuonyeshwa alipo mwanawe, wakati wa kumuonyesha usiwe wa kubahatisha.

Yule baba nilimtafuta baada ya miaka sita. Mtoto alikuwa wa kike, na mkewe alikuwa amempa jina mwenyewe tangu siku ile, bila ya kuuliza mtu. Nikamweleza kauli ya Ramli, na kwamba kwetu inajuzu kusali kaburini kwa aliyekuwa mukallaf siku ya kifo. Tukaenda Ijumaa moja jioni. Safu tuliijua, lakini majani yalikuwa yamepanda na makaburi madogo pale yalikuwa mawili, na mimi sikuwa nimeweka hata kijiti. Tukayaweka yote mawili mbele yetu upande wa kibla, mimi na yeye mbele, mkewe nyuma yetu, nikatia nia, nikapiga takbira.

Wallahu a'lam.